Subiri Nisevu

Baada ya kiharusi kumchukulia baba upande wa kulia na karibu maneno yake yote, mkono wa kushoto ulibaki mzima. Kwa mkono huo aligonga kijiko kwenye kikombe cha bati tulichomwekea juu ya stuli karibu na kitanda. Mara moja, maji. Mara mbili, choo. Mara tatu, njoo tu.

Hiyo ilikuwa mwaka 2021, nyumbani Tandika, nami nilikuwa nimerudi kulala katika chumba nilichokiacha nikiwa na miaka 19. Mama alishinda naye mchana kutwa. Dada alikuja mwisho wa wiki. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya kompyuta na inafanyika popote penye mtandao, nilipewa usiku. Kila baada ya saa mbili nilitakiwa kumgeuza ubavu asipate vidonda vya mgongo. Kati ya kugeuza na kugeuza hapana usingizi wa maana, kwa hiyo nilicheza gemu, sauti nimeizima, mlango wa chumba chake wazi.

Nayasema haya mapema ili ujue ninakotokea ninapokutana na swali ambalo wacheza gemu hawachoki kuulizana: ungepewa uwezo wa kuweka kitu kimoja katika kila gemu ya mchezaji mmoja, ungeweka nini? Majibu nayajua. Maandishi makubwa yanayosomeka ukiwa umekaa mbali na televisheni. Uhuru wa kubadili vitufe. Uwezo wa kuruka zile sinema fupi ulizokwisha kuziona mara tano. Kiwango cha ugumu unachokichagua mwenyewe. Siyapingi. Lakini mimi nataka kitu cha zamani kuliko vyote hivyo: niweze kuacha. Popote nilipo, sekunde yoyote, niinuke niende, na nikirudi nikute kila kitu pale nilipokiacha.

Ukisikia hivyo utadhani ni jambo lililokwisha kutatuliwa zamani. Lilitatuliwa kweli, na likasahauliwa, na likatatuliwa tena.

Gemu za mwanzo kabisa za biashara hazikuwa na sababu ya kukuruhusu uache. Zilikaa kwenye baa na kumbi za burudani ndani ya makabati makubwa, na zilikula sarafu. Mwenye kabati alikuwa akikuuzia dakika. Ukisimama kupumua, umesimama juu ya biashara yake, na nyuma yako kuna mtu ameshika sarafu anasubiri. Space Invaders, iliyotoka Japani mwaka 1978, ilikumbuka kitu kimoja tu: pointi nyingi zaidi zilizowahi kupatikana. Nacho ilikikumbuka mpaka mashine ilipozimwa tu. Baadaye gemu za sarafu zilipata namna ya kukuruhusu uendelee ulipofia, lakini tazama ilivyokuwa: namba kubwa inahesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, na wewe unapapasa mfukoni. Ulikuwa mnada wa papo hapo, na kilichonadiwa ni nusu saa uliyokwisha kuitumia.

Nilipoyasoma haya ukubwani sikushangaa hata kidogo. Nililelewa ndani ya biashara hiyohiyo, ila kwetu ilikuwa na paa la bati na benchi. Nitafika huko.

Mtu wa kwanza ninayemjua aliyeweka kitufe cha kusimamisha muda kwenye mashine ya nyumbani alikuwa Jerry Lawson, mhandisi mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1940. Aliongoza kazi ya kutengeneza Channel F ya kampuni ya Fairchild, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Mashine hiyo inakumbukwa, na wachache wanaoikumbuka, kwa jambo jingine: ndiyo ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti zenye programu ndani, ukichoka na gemu moja unachomoa unachomeka nyingine. Lakini juu ya mashine yenyewe, si kwenye pedi, palikuwa na kitufe kilichoandikwa HOLD. Ukikibonyeza, mchezo unasimama. Ungeweza hata kubadili kasi au muda katikati ya mchezo, kisha ukaendelea.

Channel F ilishindwa sokoni na Atari iliyotoka mwaka uliofuata, na jina la Lawson likazama nayo. Watengeneza gemu walikuja kumpa heshima mwezi Machi 2011. Alifariki mwezi uliofuata. Kwa muda mrefu niliwaza kwa nini wazo lile lilimjia yeye na wenzake, na jibu ninaloridhika nalo halihitaji uchawi wowote. Walikuwa wanatengeneza kitu cha kukaa sebuleni. Sebuleni simu inalia, ugali unaungua, mtoto anaanguka. Kabati la sarafu halimjui mtoto.

Kusimamisha, hata hivyo, ni nusu tu ya kuacha. Ukishasimamisha bado mashine inataka umeme. Ukizima, yote yamekwenda.

Nusu ya pili niliifahamu kupitia baba. Alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa karibu na soko, na mwaka 1999, nikiwa na miaka sita, alininunulia Kariakoo ile mashine tuliyoiita "tivii gemu". Wa rika langu mnaijua: plastiki nyeupe, pedi mbili zenye nyaya fupi, na kaseti ya njano inayojidai kuwa na maelfu ya gemu wakati zilizomo hazifiki thelathini, zimerudiwarudiwa kwa majina tofauti. Ilikuwa nakala ya Famicom ya Nintendo, mashine ya Kijapani ya mwaka 1983, ila sisi hatukuwa na habari za Nintendo.

Jirani mmoja alikuwa na kaseti tofauti, yenye gemu moja tu. Kijana mwenye kofia ya kijani anatembea porini, anaingia pangoni, anapewa upanga. Mwanzoni inakutaka uandike jina. Niliandika jina langu kila siku, kwa muda wa wiki mbili hivi, kwa sababu kila nilipozima na kuwasha nilikuta nafasi tatu tupu. Nikamwambia baba kaseti imeharibika. Akaichukua, akaifungua kwa bisibisi ileile aliyofungulia redio za watu, akaitazama chini ya taa. Nakumbuka nilichokiona: kibao kidogo cha kijani chenye matone mawili ya plastiki nyeusi, kama lami iliyodondoka, na pembeni nafasi tupu yenye matundu mawili.

"Haijaharibika," alisema. "Hapa palitakiwa pakae betri. Waliodurufu hawakuiweka. Sasa itakumbuka kwa kutumia nini?"

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua gemu ile ni The Legend of Zelda, na kwamba baba, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani mwake, alikuwa amegusa penyewe. Zelda ilitoka Japani Februari 1986, ikiwa kwenye diski. Famicom ilikuwa imeongezewa kifaa cha kusomea diski za sumaku, na kwa kuwa diski inaandikika, gemu iliweza kuandika humo umefika wapi. Ilipopelekwa Marekani mwaka 1987 kifaa hicho hakikuwapo kule, kwa hiyo ndani ya kaseti ya rangi ya dhahabu wakaweka kumbukumbu ndogo na betri bapa ya duara, aina ya zile za saa. Kumbukumbu ya namna hiyo haishiki kitu bila umeme, na betri ile iliipa umeme kidogo sana, usiku na mchana, hata kaseti ikiwa kabatini. Wachezaji walielekezwa washikilie kitufe cha RESET wakati wa kuzima, wasije wakaharibu walichohifadhi. Fikiria watoto wa miaka minane kote Marekani wameshikilia kitufe kimoja kwa kidole gumba na kingine kwa kidole cha shahada, wamebana pumzi.

Betri ilikuwa gharama, na wengine waliikwepa. Waliyoyafanya badala yake nayapenda kuliko betri. Mwaka huohuo wa 1986 Dragon Quest ilitoka Japani kwenye kaseti isiyo na betri. Ukitaka kuacha, unamwendea mfalme ndani ya gemu naye anakupa maneno ya uganga: herufi 20 za hiragana zisizo na maana yoyote. Unaziandika kwenye karatasi. Kesho unaziingiza moja moja, na gemu inakujenga upya kutokana nazo: nguvu zako, dhahabu yako, silaha zako. Katika toleo la pili, la mwaka 1987, mambo ya kukumbuka yaliongezeka na herufi zikaweza kufika 52. Ukikosea moja, hesabu haikubali, na saa zako arobaini zimebaki kuwa karatasi.

Nakaa nayafikiria madaftari yale. Gemu ilikuwa haiwezi kukukumbuka, kwa hiyo ikakupa mwenyewe kumbukumbu yako uibebe, ukaiweke chini ya godoro, ukaizungumze kwenye simu, ukampe rafiki. Haikuhitaji umeme wala betri.

Mwaka 2006 ningefurahi sana kuwa na gemu ya namna hiyo. Huo ndio mwaka ambao mvua zilikosekana, maji yakapungua kwenye mabwawa yanayozalisha umeme, na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Nilikuwa darasa la saba. Tivii gemu ilikuwa imekufa siku nyingi. Sasa tulikwenda banda la gemu, televisheni nne na PlayStation 2 nne, benchi za mbao, pazia la kanga mlangoni kuzuia mwanga. Wengi walicheza mpira, wawili wawili, kwa mechi. Atakayefungwa anampisha mwingine. Anayetaka kucheza peke yake alilipia kwa nusu saa, na alitazamwa kwa jicho baya, maana anakalia pedi mbili.

Nilikuwa mmoja wa hao. Nilicheza GTA San Andreas, na kwa kuwa ningeweza kulipia nusu saa mara mbili kwa wiki, safari ya kijana yule kutoka Grove Street ilinichukua zaidi ya mwaka. Kusevu katika gemu hiyo kuna sheria zake. Huwezi kusevu barabarani. Lazima urudi kwenye nyumba uliyonayo, uingie ndani, ukanyage alama ya diski inayozunguka hewani. Kila ukisevu, saa ya ndani ya gemu inaruka saa sita mbele. Maana yake nusu saa yangu niliigawa: dakika ishirini za kuishi, kumi za kurudi nyumbani. Nilijifunza kuendesha gari kwa uangalifu katika gemu ambayo watu wote wengine benchini waliipenda kwa kugonga watu.

Halafu umeme unakatika. Hakuna aliyekuwa na saa ya mgao anayoiamini. Televisheni zote nne zinakuwa nyeusi kwa pamoja, banda zima linapiga kelele moja, na mwenye banda anasema mpira utarudiwa bure. Mpira unarudiwa. Misheni yangu ya saa nzima ya wiki mbili ilirudiwa na nani?

Hata pale umeme ulipokuwepo, kumbukumbu haikuwa yangu. Ilikuwa kwenye memori kadi ya banda, kadi nyeusi ya megabaiti 8, iliyohudumia mtaa mzima. PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, ndiyo iliyoyazoesha majumba mengi wazo hili kwamba gemu haiandikwi tena, inasomwa tu kutoka kwenye CD, na unachokumbuka wewe kinakaa pembeni, kwenye kijikadi unachoweza kutembea nacho mfukoni. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini aliyeibuni alimfikiria mtu mwenye kadi yake. Siku moja nilikuta jina langu halipo na mahali pake pana mpira wa mtu. Hakuna aliyekosa. Kadi ilijaa, mtoto akaambiwa afute kitu ili apate nafasi, akafuta cha kwanza alichokiona.

Nilichanga hela ya vitumbua miezi mitatu nikanunua kadi yangu Kariakoo. Ilikuwa feki, ilisahau mara mbili, lakini ilikuwa yangu, na niliivaa shingoni kwa uzi kama ufunguo.

Katika miaka hiyo ndiyo nilipoanza kumwambia baba maneno yaliyonipa kichwa cha habari hii. Alikuwa amepata PlayStation mbovu ya mteja aliyeshindwa kulipia matengenezo, akaitengeneza, akaileta nyumbani. Kila akiniita, dukani, kuchota maji, kumshikia tochi, jibu lilikuwa moja: "Subiri nisevu, baba." Ilimuudhi mno. Aliniuliza siku moja ni kitu gani hicho kisichoweza kuachwa. Redio anayoitengeneza, alisema, hata akiwa ameipasua vipande ishirini, akiitwa anaweka bisibisi chini anaitika, na vipande vinamsubiri mezani.

Sikuwa na jibu. Ningekuwa nalo ningemwambia kwamba kuna watu waliotaka iwe hivyo. Hapa nawatetea watengeneza gemu, kwa sababu hoja yao si ya kipuuzi. Ukiweza kuhifadhi popote, huogopi tena. Unahifadhi kabla ya kufungua mlango, unafungua, unakufa, unarudi, unafungua tofauti. Kila kosa linafutika, na ushindi unakuwa wa bure. Resident Evil ya mwaka 1996 ililielewa hilo vizuri: ulihifadhi kwa taipureta, na taipureta ilitaka utepe wa wino, na tepe zilikuwa chache. Hofu ya gemu ile, kwa sehemu kubwa, ni hofu ya kwenda mbali bila kuhifadhi. Mazombi tu yasingetosha. Gemu ngumu zilizopendwa sana miaka kumi na tano hii iliyopita zimekwenda mbele zaidi; katika baadhi yake ukifungua menyu dunia haisimami, na adui anaendelea kukujia ukiwa unatafuta dawa mfukoni.

Nilikuwa nikiiamini hoja hiyo. Niliwahi hata kuitetea mbele za watu, kwa ukali wa kijana aliyemaliza gemu ngumu. Kilichonibadilisha ni kuijua vizuri gemu moja ya zamani kuliko zote hizo.

Inaitwa Rogue. Ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wanafunzi wa California, Michael Toy na Glenn Wichman, kwa ajili ya kompyuta kubwa za vyuo ambazo watu wengi walizitumia kwa pamoja. Haina picha. Wewe ni alama ya @, adui ni herufi, shimo ni nukta na mistari. Haina huruma: ukifa, umekufa, unaanza mwanzo, na mashimo yanachorwa upya ili usije ukayakariri. Hiyo ndiyo sifa iliyoifanya izae ukoo mzima wa gemu zinazoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Lakini Rogue ina amri ya kuhifadhi. Unabonyeza S kubwa, popote ulipo, hata joka likiwa mbele yako. Gemu inaandika faili na kujifunga. Unakwenda zako. Ukirudi, inaisoma faili ile, inakurudisha palepale mbele ya joka lilelile, na faili inafutwa. Ukifa baada ya hapo huna cha kurudia.

Angalia walichokifanya. Walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi wengine wote, wachezaji na watengenezaji, tumevichanganya kwa zaidi ya miaka arobaini: kuacha na kurudi nyuma. Rogue haikuruhusu urudi nyuma hata hatua moja. Ilikuruhusu uache wakati wowote. Ugumu wake haukupungua kwa sababu mchezaji alikwenda kula.

Baadhi walilikumbuka, na mara nyingi ni wale waliotengeneza gemu za kushika mkononi, kwa kuwa walijua mchezaji wao yuko kwenye treni na kituo chake kinakaribia. Fire Emblem za Game Boy Advance zina hifadhi ya kusimama kwa muda. Nintendo DS ya mwaka 2004 ukiifunga kama kitabu inalala, ukiifungua inaamka. Mashine za sebuleni zilichelewa. Xbox ya mwaka 2020 inaweza kuziacha gemu kadhaa zimelala kwa wakati mmoja na kuziamsha moja moja. Kwa hiyo haikuwa shida ya ufundi. Katika nyingi ya gemu zinazokunyima kuacha, ukiuliza kwa nini, unajibiwa kuhusu kurudi nyuma.

Usiku ninaotaka kuusimulia ulikuwa wa mwezi Julai. Nilikuwa ndani ya gemu ambayo sitaitaja, si kosa lake. Ilikuwa ya aina ile ambayo dunia haisimami, na nilikuwa mbali na kituo cha kuhifadhi, nimebeba kazi ya saa moja na nusu. Baba aligonga. Mara mbili.

Nilisema, kwa sauti, "Subiri nisevu, baba."

Sikuyachagua maneno. Yalitoka yenyewe, kwa sauti ya yule mtoto. Nilidhani dakika mbili. Zikawa sita, kwa kuwa nilikosea njia. Aligonga tena mara mbili, kisha mara moja, kisha sikusikia kitu, na nikafurahi kwamba amenielewa. Nilipofika kituoni, mwanga ulipowaka kwenye kioo kuonyesha imehifadhiwa, nilisikia stuli ikianguka.

Alikuwa amejaribu kuinuka mwenyewe. Alishonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Nguo zake nilimbadilisha palepale sakafuni kabla mama hajaamka, na mama alipokuja na kuuliza nilimwambia nilipitiwa na usingizi. Usingizi unasamehewa. Mama alisema pole, umechoka mwanangu, kesho nitakaa mimi. Baba alikuwa ananitazama. Hakuweza kumwambia, na sijui, labda hata angeweza asingemwambia.

Ningeweza kuweka pedi chini. Hilo nalijua, sihitaji kuambiwa. Saa moja na nusu ya kitu kisichokuwepo, dhidi ya baba yangu. Ukiuliza hivyo jibu liko wazi, na mtu yeyote anaweza kulitoa akiwa amekaa. Lakini saa tisa usiku, mwezi wa nne wa kutolala, swali halikuja hivyo. Lilikuja kama dakika mbili.

Sikuacha kucheza. Usiku ni mrefu, na nilihitaji kitu. Ila niliifungia PlayStation kwenye boksi na kuweka Rogue kwenye kompyuta ya kazini. Kilo chache tu za chuma na plastiki mapajani, herufi nyeupe juu ya weusi. Nilikufa kila usiku. Sijawahi kufika chini. Kikombe kikilia nabonyeza S, nafunika kompyuta, na kabla hajagonga mara ya pili nimeshasimama mlangoni.

Ilimshangaza. Usiku mmoja mwishoni mwa Agosti aligonga mara tatu, nami nikaja na kompyuta mkononi, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Aliinyooshea kidole. Nikaifunua, nikamwonyesha: huyu ni mimi, hii ni nyoka, huu ni mlango. Nikamwonyesha kuzima, skrini ikawa nyeusi. Nikawasha, nikairudisha, nyoka palepale. Akatazama kwa muda, kwa uso ule wa bisibisi na taa. Maneno aliyokuwa nayo wakati huo hayakuzidi kumi, na kila moja lilimgharimu.

"Betri?" alisema.

"Ipo, baba," nilimwambia. "Hii waliiweka."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Nilimgeuza ubavu wa kushoto, nikaweka mto kati ya magoti, nikaujaza maji upya ule mtungi. Kisha nikarudi chumbani kumkabili nyoka.